Dawa ya Herceptin na Wanawake Walioidai

Mara nyingi twasikia watu wakisema ya kuwa saratani haina dawa, na ya kwamba mtu akishaambiwa anayo, basi jamaa zake na waanze kutafuta sanda. Maneno hayo yanawaua wengi, maana aliyekata tamaa huikimbia hospitali, na siku atakayorudi huwa amechelewa. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za dawa moja, Herceptin, kwa sababu katika habari hizo yamo mambo ambayo kila mfanyakazi anayekatwa mshahara kwa ajili ya bima ya matibabu yampasa ayajue.

Dawa hiyo ni kazi ya kampuni ya Genentech, iliyo jirani na mji wa San Francisco, Marekani. Ilianzishwa mwaka 1976 na watu wawili, Robert Swanson, mtu wa mambo ya fedha, na Herbert Boyer, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha California, kila mmoja akitoa dola 500 tu. Mwezi wa Oktoba 1980 hisa zake zilipouzwa kwa watu mara ya kwanza, hisa ya dola 35 ilipanda siku hiyo hiyo ikapita dola 80, ijapokuwa kampuni haikuwa na hata dawa moja yake sokoni. (Hatudhani ya kuwa wote walionunua walijua walichokinunua.)

Dawa za kale za saratani hufanya kazi kama mtu anayepalilia shamba kwa moto: magugu hufa, na mahindi nayo huungua. Ndiyo sababu mgonjwa hunyonyoka nywele na kutapika. Wataalamu walitafuta kwa miaka mingi alama iliyomo katika chembe za saratani, ili dawa iipige alama hiyo na kuziacha chembe nyingine salama. Mwaka 1987 Dakta Dennis Slamon wa Los Angeles, akishirikiana na Axel Ullrich wa Genentech na wenzao, alitangaza ya kuwa katika uvimbe wa matiti 189 alioupima, karibu asilimia 30 ulikuwa na jeni iitwayo HER2 iliyozidi idadi yake ya kawaida, na ya kuwa wanawake wenye uvimbe huo ugonjwa wao ulirudi upesi na walikufa mapema zaidi. HER2 hukaa juu ya chembe mfano wa sikio, likipokea amri ya kukua. Chembe yenye masikio mengi kupita kiasi haisikii neno jingine ila hilo.

Basi Genentech wakatengeneza kingamwili ya kuliziba sikio hilo. Ya kwanza ilitoka kwa panya, na mwili wa mwanadamu hauvumilii kitu cha panya kwa muda mrefu. Kwa hiyo mwaka 1992 wataalamu wa kampuni walieleza jinsi walivyoigeuza ikafanana na ya mwanadamu. Hupikwa ndani ya matangi makubwa na chembe hai zilizotokana na mnyama mdogo aitwaye hamsta. Kazi hiyo si rahisi, wala hatuwabezi walioifanya.

Lakini walioharakisha mambo hawakuwa wataalamu peke yao. Mwezi wa Desemba 1994 wanawake wa San Francisco waliingia katika uwanja wa kampuni wakiwa katika msafara wa magari kama wa mazishi, wakipiga honi, kwa ajili ya mwenzao aliyefariki baada ya kuiomba dawa hiyo na kunyimwa. Kampuni ilikuwa na hoja yake: kama kila aombaye atapewa, nani atakubali kuingia katika jaribio ambalo baadhi ya wagonjwa hawaipati, na ukweli utajulikanaje? Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo anayekufa hawezi kuambiwa angoje takwimu. Mwaka 1995 kampuni ilikubali kutenga dawa kidogo, ikagawiwa kwa bahati nasibu kwa wagonjwa mahututi walio nje ya jaribio.

Jaribio lenyewe lilikuwa la wanawake 469 ambao ugonjwa wao ulikuwa umekwisha kusambaa. Waliopewa dawa za kawaida peke yake waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 20.3, waliopewa pamoja na Herceptin, miezi 25.1. Dawa iliruhusiwa Marekani mwezi wa Septemba 1998. Yuko atakayesema miezi mitano ni kitu gani? Na amuulize mama mwenye mtoto mchanga. Tena mwaka 2005 ilionekana ya kuwa wakipewa mapema, baada ya upasuaji, ugonjwa hupungua kurudi kwa karibu nusu. Dawa ina hatari yake nayo, hasa kwa moyo.

Bei ndiyo mwiba. Mwaka 2009 kampuni ya Roche ya Uswisi ilinunua sehemu ya Genentech iliyokuwa bado haijaimiliki kwa dola bilioni 46.8, msomaji na akumbuke zile dola 500. Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa hiyo katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2015, na mwaka 2019 likasema gharama yake ni wastani wa dola 20,000. Desemba ya mwaka huo liliidhinisha ya kwanza ya kufanana nayo, iliyotengenezwa na kampuni nyingine, likisema dawa za namna hiyo kwa kawaida ni nafuu kwa asilimia 65.

Twadai bei ishuke zaidi. Lakini huku Afrika ya Mashariki twaona watu wakipigia kelele bei na kusahau maabara. Katika wanawake watano wenye saratani ya titi, ni mmoja hivi tu mwenye HER2 iliyozidi. Kuwapa wanne waliobaki ni kutupa fedha na kuihatarisha mioyo yao bure. Ili ajulikane ni yupi, kipande cha uvimbe lazima kihifadhiwe vizuri, kitiwe rangi, na kitazamwe kwa darubini na daktari aliyefundishwa kazi hiyo. Madaktari wa namna hiyo ni wachache mno kwetu. Bajeti ya afya itajwapo, wawakilishi wetu na waulizwe habari za madaktari hao na vifaa vyao. Naye mgonjwa, kabla hajauliza bei dukani, na aulize: je, uvimbe wangu umepimwa HER2, na jibu liko wapi?