Sukari kupanda uzeeni: usisingizie umri tu, angalia na misuli

Mzee kapima sukari, imekutwa juu kidogo. Nyumbani utasikia: "Aah, ni umri tu huo." Basi yanaishia hapo. Wengi tunakosea hapo hapo.

Ukila wali au ugali, unageuka sukari na kuingia kwenye damu. Kongosho hutoa insulini, ambayo kazi yake ni kuzifanya seli ziipokee sukari hiyo. Seli zikiitikia haraka, insulini kidogo inatosha. Zikiwa sugu, kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi, mwaka hadi mwaka, mpaka inashindwa. Kisukari aina ya pili huanza hivyo.

Sehemu kubwa ya sukari inayoondolewa na insulini huenda kwenye misuli. Na misuli ndiyo hupungua umri unavyosonga, hasa kwa anayeshinda amekaa, huku kitambi kikiongezeka. Umri unachangia, ndiyo, lakini mara nyingi unapitia humo.

Mwaka 1996 watafiti wa Italia walichapisha vipimo vya watu wenye afya waliofikisha miaka 100. Kumbe insulini ilifanya kazi vizuri zaidi kwao kuliko kwa wazee wenye umri mdogo kuliko wao! Hiyo haithibitishi kwamba insulini ndiyo iliyowafikisha huko, ila inaonyesha uzee na usugu wa seli si lazima viandamane.

Utafiti wa Marekani uliotoka 2002 ndio unaotuhusu zaidi. Ulichukua watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imepanda bila kufikia kisukari. Kundi moja lilipewa lengo la kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kufanya mazoezi, mengi yakiwa ya kutembea, dakika 150 kwa wiki. Waliopata kisukari walipungua kwa asilimia 58 kulinganisha na waliomeza vidonge visivyo na dawa. Kwa wenye miaka 60 na zaidi? Asilimia 71. Yaani wazee ndio waliofaidika zaidi.

Dakika 150 ni nusu saa tu, siku 5. Kutembea baada ya kula ni kuzuri, maana misuli ikifanya kazi huvuta sukari hata bila kuisubiri insulini. Ila kama mzee tayari anachoma insulini au anameza dawa za kushusha sukari, aongee kwanza na daktari wake, kwani inaweza kushuka kupita kiasi akiwa njiani.