Njia ya Mtaa ni ya Nani?

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mtu ana daftari na penseli yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali waite wale walioko nyuma wasogee karibu na redio. Na ninyi ambao hamkulisikia somo hili hewani, mnalisoma sasa katika kurasa hizi, someni pole pole. Hakuna mtu anayewakimbiza.

Leo tutazungumza juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu hukitumia kila siku, wala hakifikirii mpaka siku kinapokosekana. Kitu hicho ni njia ya mtaani.

Hebu fikiri. Ni usiku wa manane. Mama mjamzito ameshikwa na uchungu. Gari limeitwa, limefika, lakini limesimama barabara kubwa kwa sababu haliwezi kuingia mtaani. Vijana wanambeba mama juu ya kiti. Wanapita uchochoro mwembamba, wanaruka maji machafu, wanageuka pembe hii na pembe ile. Au fikiri nyumba imeshika moto. Gari la zimamoto lipo, maji yapo, wazima moto wapo, lakini njia haipo.

Je, ni nani aliyeiziba njia? Ukiuliza, kila mtu atajibu, “Si mimi.” Na kweli, si mtu mmoja. Huyu alisogeza ukuta wake kidogo. Yule akajenga choo mbele ya choo cha mwenzake. Wa tatu akaongeza chumba cha kupangisha. Kila mmoja alichukua hatua moja tu, na hatua hizo moja moja zikaimeza njia nzima.

Basi jambo ninalotaka mlishike leo ni hili: njia ya mtaa haipatikani kwa bahati. Hupatikana kwa majirani kukubaliana. Na makubaliano hayana nguvu mpaka yaandikwe, na kila anayehusika ayasome kabla ya kutia sahihi.

MANENO YA LEO

Mwalimu, tafadhali yaandike ubaoni maneno haya manne.

Kiwanja: ni kipande cha ardhi cha kujengea, chenye mipaka inayojulikana.

Mchoro wa mipango miji: ni karatasi inayoonyesha mtaa kana kwamba unautazama kutoka juu, kama ndege. Huonyesha viwanja viko wapi, njia zipite wapi, na mahali pa shule, zahanati, soko na michezo.

Bikoni: ni alama ya zege inayochimbiwa ardhini penye pembe ya kiwanja. Mtu asiing'oe wala asiisogeze.

Urasimishaji: ni kazi ya kuupanga na kuupima mtaa ambao watu wamekwisha kujenga bila mpango, ili njia zipatikane na wenye nyumba waweze kupata hati.

Someni maneno hayo pamoja, kwa sauti. Vizuri. Tuendelee.

KUPANGA KABLA NA KUPANGA BAADAYE

Nitawapa mfano wa Dar es Salaam. Wengi wenu mmesikia habari za Sinza na Manzese. Sehemu hizi mbili hazina umbali mkubwa kati yake, lakini historia zao ni tofauti.

Hapo zamani mitaa iliyojengwa bila mpango ilikuwa ikibomolewa. Mwaka 1972 serikali ya Tanzania ilibadilisha nia. Iliona kwamba kubomoa nyumba za watu si dawa, maana aliyebomolewa hapa huenda akajenga pale. Ikaamua kuitengeneza mitaa hiyo badala ya kuibomoa. Kuanzia mwaka 1974 kazi hiyo ilipata msaada wa mkopo wa Benki ya Dunia, ikafanywa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ilikuwa kupima viwanja kwanza, kuchora barabara, kisha watu wakapewa viwanja wajenge wenyewe. Hivyo ndivyo ilivyofanyika Sinza na Kijitonyama. Njia ya pili ilikuwa kuingia mahali ambapo watu wamekwisha kujenga, kama Manzese, na kuwapelekea barabara na maji katikati ya nyumba zao.

Miaka mingi baadaye wataalamu walizilinganisha sehemu za namna hizi mbili katika miji 7 ya Tanzania. Waliona kwamba mahali palipopimwa kwanza, nyumba ni kubwa zaidi na zimekaa kwa mpango mzuri zaidi kuliko mahali palipotengenezwa baada ya nyumba kujengwa. Wala si kwa sababu watu wa upande mmoja walikuwa na akili kuliko wa upande mwingine. Mwenye kujua kwamba mpaka wake ni huu, na barabara itapita pale, hujenga kwa moyo mkunjufu. Asiyejua hujenga kwa hofu.

Kwa hiyo, ewe mwenye kiwanja kitupu, acha njia kabla hujaweka msingi. Kuhamisha kamba ni rahisi kuliko kuhamisha ukuta.

Lakini pengine wewe unayesoma umekwisha kujenga, na majirani zako vile vile. Usikate tamaa. Uko mtaa mwingine wa Dar es Salaam, katika Kinondoni, unaoitwa Hanna Nassif. Mtaa huo ulijengwa bila mpango, na mvua ziliponyesha maji yaliingia majumbani. Katika miaka ya 1990 wakazi walichagua kamati yao. Walisaidiwa kwa fedha na utaalamu, na Shirika la Kazi Duniani lilikuwa miongoni mwa wasaidizi. Lakini wakazi wenyewe walichangia fedha na nguvu zao, wakachimba mifereji ya maji ya mvua na kutengeneza njia. Mtaa ukabadilika, ingawa watu walikuwa wamekwisha kujenga.

TUFANYE HESABU

Sasa chukueni penseli. Tuseme nyumba zimepangana pande mbili, na katikati panatakiwa njia ya upana wa mita 6, ili gari liweze kupita na mfereji wa maji upate nafasi. Kila upande utoe mita ngapi? Sita gawanya kwa mbili ni tatu. Kila upande mita 3.

Kiwanja chako kina upana wa mita 20 na urefu wa mita 20. Ishirini mara ishirini ni 400. Basi una mita za mraba 400. Ukitoa mita 3 mbele, kwa upana wote wa mita 20, umetoa 3 mara 20, yaani 60. Umebakiwa na 340.

Na kama upande wako peke yake ungetoa mita zote 6? Sita mara ishirini ni 120. Ungebakiwa na 280, na jirani wa mbele yako angebaki na 400 zake, naye angepita katika njia ile ile. Iandikeni hesabu hii vizuri. Nitawaonyesha sababu yake sasa hivi.

KISA CHA KARATASI

Katika kazi yangu hutembelea madarasa mengi ya watu wazima. Siku moja nilialikwa kuhudhuria mkutano wa mtaa mmoja, ambao jina lake sitalitaja. Shauri lilikuwa urasimishaji. Katibu wa kamati alisimama akaeleza vizuri kabisa: njia itakuwa ya mita 6, kila upande utatoa mita 3, na hakuna atakayeonewa. Watu wakapiga makofi. Kisha karatasi ikapitishwa ili wenye nyumba watie sahihi. Wengi walitia bila kutazama. Wengine walitia dole gumba.

Karatasi ikamfikia mama mmoja, mjane, mwuza vitumbua. Alikuwa amesoma katika darasa letu miezi minane. Hakutia sahihi. Aliishika karatasi karibu na macho, midomo ikitembea. Mtu mmoja nyuma akamwambia, “Mama, tia sahihi, jua linazama.” Yeye akasimama.

“Bwana Mwenyekiti,” alisema, “mniwie radhi, mimi husoma pole pole. Hapa pameandikwa, upande wa mashariki, mita sita. Upande wa magharibi sioni kitu. Na nyumba yangu iko mashariki.”

Mkutano mzima ukanyamaza. Mwenyekiti akaitaka karatasi, akasoma, akampa katibu. Ilikuwa hivyo hivyo alivyosema. Pengine lilikuwa kosa la mpiga chapa, pengine halikuwa. Mimi sikwenda pale kumhukumu mtu. Karatasi ile ilichanwa mbele ya watu wote, ikaandikwa nyingine: mashariki mita 3, magharibi mita 3. Yule mama akaisoma tena tangu mwanzo hadi mwisho. Ndipo akaandika jina lake.

Sasa sikilizeni sehemu ya pili ya kisa, maana ndiyo inayosahauliwa. Jiko la uani la mama huyo lilikuwa ndani ya zile mita 3. Ndilo jiko alilopikia vitumbua vyake. Hakuja tena mkutanoni kuomba aachiwe. Alilibomoa, majirani wakamsaidia kujenga jingine nyuma ya nyumba. Nilipomwuliza kama hakuumia, alinijibu, “Niliumia, mwanangu. Lakini nilitoa nilichokubali, si nilichoibiwa.”

HAKI NA WAJIBU

Kisa hiki kinatuonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja: kutoa sehemu yako, na kulinda haki yako.

Katika Tanzania, Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inasema kwamba ardhi yote ni ya umma, naye Rais ni mdhamini kwa niaba ya raia wote. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba haki ya mtu katika ardhi ina thamani, na haki hiyo ikichukuliwa, mtu alipwe fidia kamili, ya haki, na bila kukawia. Pia inatambua kazi ya kurasimisha mitaa iliyojengwa bila mpango. Tena iko Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, inayoeleza jinsi michoro ya miji inavyotayarishwa na kuidhinishwa.

Lakini katika urasimishaji, mara nyingi majirani hukubaliana kila mtu atoe kipande chake bila kudai fidia, kwa kuwa njia itamfaa yeye mwenyewe na kukiongezea kiwanja chake thamani. Jambo hilo ni jema, iwapo mtu amekubali kwa hiari akijua anachokitoa. Ndiyo maana nawaambia, soma kwanza.

Tusiwasahau wapangaji. Njia ikifika, maji yakifika, kodi za vyumba nazo huweza kupanda. Mpangaji naye hutembea katika njia ile, na mtoto wake huugua kwa maji machafu yale yale. Kwa hiyo wapangaji waitwe mkutanoni na wasikilizwe.

MAMBO MATANO YA KUFANYA

Kwanza, nenda kwenye mkutano wa mtaa. Usingoje kuhadithiwa. Asiyekuwapo na lake halipo.

Pili, omba kuuona mchoro. Tafuta nyumba yako, kisha tafuta njia, mfereji na mahali pa wazi. Usipoelewa, mwulize afisa mipango miji. Kukueleza ni kazi yake.

Tatu, soma kila karatasi kabla ya kutia sahihi. Neno likikushinda, mwombe mtu unayemwamini akusomee, na si yule tu aliyeileta karatasi. Tazama hasa tarakimu: mita ngapi, upande gani, shilingi ngapi.

Nne, ukitoa mchango wa fedha, dai stakabadhi, uitunze. Kamati nayo isome hesabu zake mbele ya mkutano.

Tano, bikoni zikiisha kuwekwa, ziheshimu. Ukitaka kujenga, tafuta kibali cha ujenzi kwanza. Na njia ikiisha kupatikana usianze tena na kibaraza, kesho kibanda, kesho kutwa ukuta. Mfereji nao si jaa la taka. Ukiuziba kwako, maji yataingia kwa jirani.

Basi, mabibi na mabwana, nimeliita somo hili “Njia ya Mtaa ni ya Nani?” Jibu lake ni kwamba njia si ya mtu mmoja, na kwa sababu hiyo ni rahisi sana kuibiwa. Mlinzi wake ni majirani wanaojua kusoma na wasioona haya kusimama. Kwaherini mpaka somo lijalo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Je, gari la wagonjwa linaweza kufika mlangoni kwako? Kama haliwezi, linazuiwa na nini?

2. Pimeni kwa hatua njia iliyo karibu na darasa lenu. Ina upana wa hatua ngapi mahali pembamba kabisa?

3. Kiwanja kina upana wa mita 15 na urefu wa mita 20. Mwenyewe ametoa mita 2 kwa upana wote wa mbele. Amebakiwa na mita za mraba ngapi?

4. Kwa nini yule mama hakutia sahihi mara ya kwanza? Kwa nini alitia mara ya pili, ingawa alijua jiko lake litabomolewa?

5. Andika sentensi tatu utakazosema katika mkutano ujao wa mtaa wako.