Kigari Kisicho na Paa, Siku ya Mvua

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Leo nina habari ya gari linalofika kwa mwenyewe likiwa ndani ya masanduku.

Mwaka 1957, kule Uingereza, mhandisi Colin Chapman wa kampuni ya Lotus alitoa kigari chepesi akakiita Seven, yaani Saba. Siku hizo gari jipya lilitozwa kodi kubwa, lakini ukinunua vipande vyake ukaviunga mwenyewe, kodi hiyo hukulipa. Basi Chapman akakiuza vipande vipande: fremu ya mabomba ya chuma, bodi ya bati la alumini, injini, magurudumu. Mnunuzi anashika spana, anajiundia gari nyumbani kwake. Mwaka 1973 kampuni ya Caterham ilinunua haki ya kukitengeneza, nayo inakitengeneza hadi leo.

Sasa tatizo. Kigari hicho hakina paa, na Uingereza haijui masika wala vuli. Mvua yao hunyesha mwezi wowote. Lipo turubai, lakini kulifunga ni kazi. Kuna vifungo vidogo vya chuma, kimoja kimoja unakibonyeza mpaka kilie “ta!”, na vidole vyenye baridi havibonyezi vizuri. Ndiyo maana wengi manyunyu yakianza huliacha turubai, wakaendelea na safari.

Hawalowi? Hapa pana jambo zuri. Gari likienda kasi, kioo cha mbele hurusha upepo juu, na upepo ule hubeba matone yakapita juu ya kichwa cha dereva. Lakini asimame kwenye taa nyekundu! Upepo unakatika, mvua inamshukia yote, na kiti kinageuka beseni. Isitoshe, magurudumu ya mbele yako nje ya bodi, yana madigadi membamba tu, kwa hiyo maji machafu ya barabarani humrukia kiwiko.

Kulowa si hatari, nguo hukauka. Hatari iko chini, pale tairi linapogusa lami. Mmewahi kukimbia na kandambili zilizolika soli kwenye sakafu yenye maji? Mguu unakwenda wenyewe. Tairi nalo lazima liyasukume maji pembeni ili mpira ushike barabara, na ile mifereji iliyochongwa juu yake ndiyo njia ya maji kutokea. Mwendo ukizidi, maji hayapati nafasi ya kutoka. Yanajikusanya mbele ya tairi, kisha yanaingia chini yake na kuliinua. Gari zito hulikandamiza tairi kwa nguvu. Kigari hiki hakina uzito huo. Vingi havifiki hata kilo 700, na kikivalishwa matairi mapana, huwahi kuelea kuliko magari mengine.

Dereva hujuaje? Mikono ndiyo humwambia. Usukani uliokuwa mzito kidogo unakuwa mwepesi ghafla, kama umeshika hewa. Wakati huo asikanyage breki, wala asikate kona. Aushike usukani unyooke, aachie mafuta taratibu, angoje mpira uiguse lami tena. Ni sekunde moja au mbili, lakini ni ndefu sana kwa aliye ndani. Vingi vya vigari hivi havina kompyuta ya kuzuia magurudumu yasijifunge breki inapokanyagwa kwa ghafla. Kosa ni la dereva na kurekebisha ni kwake, kwa hiyo mwenye busara hupunguza mwendo kabla ya kona na kabla ya dimbwi.

Tena aogope zaidi mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Oili na vumbi vilivyolala barabarani huchanganyika na maji, lami ikawa kama imepakwa sabuni.

Na ninyi, kesho asubuhi kama mvua itakuwa imenyesha, kabla hamjapanda daladala inameni kidogo mtazame matairi yake. Mkiona mifereji imefutika, tairi limekuwa kipara, nawaomba msipande. Ngojeni gari linalofuata.