Udadisi au mradi? Tofauti ya njia mbili za kufundisha, na kwa nini mzazi hukesha

Mradi wa shule unatakiwa kesho. Mtoto ameshalala, mzazi bado anakata katoni na kupaka gundi.

Malalamiko ya aina hii yamesikika sana Kenya tangu mtaala wa umilisi, CBC, uanze kutumika kote nchini mwaka 2019. Vifaa vinagharimu pesa, na kazi ya mtoto inaishia mikononi mwa mzazi. Lakini kumfundisha mtoto kwa vitendo si lazima kuwe na mradi. Kuna njia nyingine, ya udadisi, na watu wengi huzichanganya hizi mbili.

Udadisi huanza na swali

Tuseme darasa lina sukuma wiki iliyogeuka njano. Mwalimu hatoi jibu, anauliza: kwa nini?

Wanafunzi wanakisia. Ni maji? Ni kivuli? Wanapanda miche kwenye makopo mawili yenye udongo sawa, moja wanaliweka juani, jingine kivulini. Wanamwagilia sawasawa na kuandika wanachokiona kila siku.

Mwishoni wanapata jibu lenye ushahidi. Hata wakigundua kwamba walikisia vibaya, wamejifunza.

Mradi huishia kwenye kitu

Darasa lilelile linaweza kupewa kazi ya kutengeneza bustani ya magunia ili kupeleka mboga jikoni. Hapo kuna kupanga, kugawana kazi, kupiga hesabu na kurekebisha panapoharibika. Huchukua wiki kadhaa, na matokeo yake yanaonekana na kutumika.

Wazo hili si geni. Mwaka 1918, William Heard Kilpatrick wa Marekani aliandika insha iliyoipa umaarufu njia ya mradi. Alisisitiza kwamba lengo la kazi liwe la mwanafunzi mwenyewe. Mzazi akiifanya yeye, basi kiini chenyewe kimepotea.

Ipi ni bora?

Inategemea. Mtoto akihitaji kuelewa sababu ya jambo, udadisi unatosha, tena kwa gharama ndogo. Akihitaji kutumia anachokijua, mradi unafaa zaidi.

Zote mbili zinamhitaji mwalimu. Mwaka 2006, watafiti Kirschner, Sweller na Clark walionya kwamba anayeanza somo hulemewa akiachwa agundue mambo bila mwongozo wa kutosha. Watafiti wengine waliwajibu kwamba udadisi mzuri haumwachi mtoto peke yake: mwalimu huuliza, hudokeza na kuelekeza. Kwenye darasa lililojaa, hiyo ni kazi kubwa.

Nini kifanyike?

Mtaala wa Kenya tayari una "maswali dadisi" katika kila mada. Mradi ukianzia kwenye swali hilo, njia hizi mbili husaidiana: miche ya kwenye makopo inaonyesha magunia yawekwe wapi.

Mwalimu anaweza kuifanyia kazi hiyo shuleni, kwa vifaa vilivyopo, na kutoa alama kwa maelezo ya mtoto kuliko urembo wa kitu chenyewe.

Naye mzazi, kabla ya kushika mkasi, amuulize mtoto: "Mnataka kujua nini?" Mtoto akishindwa kujibu, katoni hata ikipendeza vipi haitamsaidia.