Gemu Inayokumbuka

Umeme ulikuwa umekatika tangu saa nane mchana, na laptopu ilikuwa imebakiwa na chaji ya asilimia 31. Binti wa dada yangu alikuwa ameketi barazani hapa Lwiro, mgongo ameuegemeza ukutani. Akaniuliza, "Mjomba, nianze sehemu ya pili ya gemu ama ningoje kesho?" Nikamwambia apige hesabu: sehemu ile inataka saa moja na zaidi, na betri yake haifiki huko. Akaifunga laptopu, lakini hakuinuka. Alibaki palepale akinisimulia habari za dereva mzee wa gari la mizigo, mbwa wake mwenye kofia ya majani, na maneno aliyomchagulia mzee kuyasema usiku ule alipokuwa anatafuta barabara isiyoonekana kwenye ramani. Mbwa alimpa jina la Homer, na alikuwa na sababu zake. Giza liliingia tukiwa bado tunabishana kama mzee alikosea kumficha mwenzake maumivu ya mguu.

Ninafundisha vijana kuandika programu za kompyuta, na swali wanaloniuliza kuliko yote haliko kwenye mtaala: nicheze gemu gani? Kwa mtu anayeishi huku Kivu Kusini jibu langu halijabadilika kwa miaka. Tafuta gemu ya hadithi, iliyogawanywa sehemu kwa sehemu, iliyotengenezwa na watu wachache wasio chini ya kampuni kubwa. Gemu za namna hiyo kwa kawaida hazihitaji mashine ya bei mbaya. Sehemu moja ina mwanzo na mwisho wake, na ukiwa na betri nzuri unaimaliza kabla chaji haijakwisha. Hazikulazimishi kuwa mtandaoni saa zote ukila mega ulizozinunua kwa shida. Zaidi ya hayo, hadithi inayokatwa mahali panapostahili inakuachia kitu cha kufikiri mpaka umeme urudi.

Lakini si kila gemu iliyokatwa vipande inastahili. Nyingi ni hadithi dhaifu iliyogawanywa ili iuzwe mara tano. La kuiuliza gemu ya aina hii, kabla ya picha zake na kabla ya muziki wake, ni hili: inakumbuka nini?

Nieleze kukumbuka huko kunavyofanyika ndani. Unapomjibu mtu kwa ukali kwenye sehemu ya kwanza, programu haina haja ya kuhifadhi tukio zima. Inaandika alama fupi kwenye faili dogo, kama karani anayetia vema kwenye daftari: alimdanganya, ndiyo, alimpa maji, hapana, alirudi kumtafuta mtoto, ndiyo. Sehemu ya pili ikianza, jambo la kwanza inalofanya ni kulifungua daftari hilo na kulisoma. Mtu uliyemkosea anakuja mlangoni na salamu yake ni fupi kuliko ambavyo ingekuwa. Hapo ndipo mchezaji anaposhtuka, kwa sababu yeye mwenyewe alikwishasahau.

Ugumu uko kwa mwandishi. Uamuzi mmoja wa ndiyo au hapana unazaa njia mbili. Wa pili unazaa nne. Wa tatu nane. Ukifika wa kumi una njia 1,024. Hakuna kikundi cha watu watatu kinachoweza kuandika hadithi 1,024. Kwa hiyo waandishi hufanya kama mto unaogawanyika kwenye mwamba: maji yanapita kulia na kushoto, halafu yanakutana tena chini. Katika The Walking Dead ya studio ya Telltale, iliyotoka kwa sehemu tano mwaka 2012, mwisho wa sehemu ya kwanza unalazimika kuokoa mmoja kati ya watu wawili, na unayemwokoa anaendelea kuwa nawe. Ukifika sehemu ya tatu, njia zile mbili zinakutana tena, kwa namna ambayo sitaitaja kwa heshima ya ambaye hajacheza. Wapo waliokasirika walipogundua hivyo wakasema wamedanganywa. Mimi sikubaliani nao. Kwa muda wote huo ulitembea na mtu uliyemchagua, ukamzoea, na mwenzio aliyecheza kwenye kiti cha jirani alimzoea mwingine. Kukutana kwa njia hakufuti mlichokiona njiani.

Kuna waliokwenda mbali zaidi, nao ndio ninaowapenda. Kentucky Route Zero, ile gemu ya dereva na mbwa wake, ilitengenezwa na watu watatu, Jake Elliott, Tamas Kemenczy na Ben Babbitt. Sehemu yake ya kwanza ilitoka Januari 2013 na ya tano, ambayo ni ya mwisho, Januari 2020. Miaka saba. Humo maamuzi yako hayabadilishi barabara: dereva, jina lake Conway, atafika atakapofika. Unachochagua ni mtu wa namna gani anasafiri. Akiulizwa habari za zamani zake, wewe ndiye unayeamua anakumbuka nini, na jibu hilo linakuwa kweli kuanzia hapo.

Katika sehemu ya kwanza Conway anaingia kwenye mgodi ulioachwa, pamoja na Shannon, mwanamke anayetengeneza televisheni. Mgodi huo uliwahi kufurika maji wachimbaji wakiwa ndani. Gemu haikuelezi kwa hotuba. Inakupa taa na gari dogo la relini, inakuacha uendeshe gizani. Binti wa dada yangu, kwa udadisi tu, alizima ile taa. Kumbe taa ikizimwa ndipo wanaonekana: wachimbaji, vivuli vyembamba, wakitembea kwenye njia zao kama walivyotembea wakiwa hai. Aliondoa mkono kwenye kibodi. Mimi nilikuwa nyuma yake nikafikiria Kamituga, Septemba 2020, mvua ilipojaza mashimo ya dhahabu na watu wapatao 50 wakafia humo. Watengenezaji wa gemu ile waliandika kuhusu makaa ya mawe ya Kentucky, Marekani, lakini mtu wa Kivu haambiwi na mtu maana ya taa ile.

Kipimo changu cha pili kimetoka hapo. Gemu nzuri ya hadithi inakuachia wewe ugundue, wala haikushiki mkono.

Nyingine ninayoitaja bila kusita ni Bury Me, My Love, iliyotoka mwaka 2017 kutoka Ufaransa. Inachezwa kwenye simu, na skrini yake yote ni mazungumzo ya ujumbe. Wewe ni Majd, mume aliyebaki Siria. Mkeo Nour yuko safarini kuelekea Ulaya. Anakuandikia: nipande basi hili au nisubiri? Unamshauri. Ukichagua kucheza kwa muda halisi, akiingia mahali pasipo mtandao anakaa kimya kwa saa nyingi kwelikweli, na simu yako mfukoni haisemi kitu. Ina miisho 19, na si yote unayoweza kuivumilia. Familia nyingi za huku zina mtu aliyekwenda Burundi au Uganda, labda yuko kambi ya Nakivale, na zinajua kusubiri ujumbe wa namna hiyo. Ina Kifaransa, kwa hiyo vijana waliosoma shule zetu hawapati taabu ya lugha. Ninashauri tu usimpe mtu ambaye jeraha lake bado bichi.

Anayependa kuanza na kitu laini aende kwa Life Is Strange ya studio ya Dontnod ya Paris, sehemu tano za mwaka 2015. Msichana anagundua anaweza kurudisha muda nyuma na kuubadilisha uamuzi, na taratibu anaona bei yake. Hawa walikuwa na mchapishaji mkubwa nyuma yao, si wadogo kabisa. Sehemu ya kwanza ilianza kutolewa bure mwaka 2016, na utaratibu huo wa kuonjesha ni mzuri: studio inayokupa sehemu ya kwanza bure inaiamini kazi yake.

Sasa tahadhari, maana hapa watu wamepoteza fedha. Gemu ya sehemu ni ahadi, na ahadi huvunjika. Telltale ilikuwa mfalme wa aina hii, lakini Septemba 2018 iliwaachisha kazi karibu wafanyakazi wake wote ikiwa katikati ya msimu wa mwisho wa The Walking Dead. Kampuni ya Skybound ndiyo iliyoikamilisha, na sehemu ya mwisho ikatoka Machi 2019. Wachezaji wa gemu hiyo walikuwa na bahati. Mimi niliwahi kununua mapema gemu ya studio moja ndogo iliyoahidi sehemu sita. Zilitoka mbili, kisha kimya. Mhusika wangu mpaka leo amesimama kwenye daraja. Tangu hapo sinunui kabla sijaona sehemu ya mwisho imetoka, au kabla sijaona watengenezaji wanaandika mara kwa mara wamefikia wapi. Kama ujumbe wao wa mwisho una mwaka mzima, weka fedha zako.

Pa kutafutia, mimi naanza na itch.io, soko lililoanzishwa mwaka 2013 ambako watengenezaji wadogo huweka kazi zao wenyewe, nyingi bure au kwa bei unayojipangia, na nyingine zinachezwa ndani ya kivinjari bila kupakuliwa. Chagua zinazoegemea hadithi, kisha angalia uzito wa faili kabla ya kubonyeza. Soma maoni ya waliomaliza, si ya walioanza. Na ukishaanza kucheza, nakili lile faili la kumbukumbu kwenye flashi. Nimemwona kijana aliyebadilisha kompyuta akafungua sehemu ya nne na kukuta wahusika hawamjui, wanamsalimu kama mgeni. Daftari la karani lilikuwa limebaki kwenye mashine ya zamani.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kuandika kuhusu gemu nikiwa Lwiro nikaliruka. Kutoka hapa, ambapo Wabelgiji walijenga kituo cha utafiti cha IRSAC baada ya 1947, leo kikiitwa CRSN, hifadhi ya Kahuzi-Biega haiko mbali. Mwaka 2000 PlayStation 2 ilipotoka, kampuni za simu, za kompyuta na za gemu zote zilitaka tantali kwa wakati mmoja, madini ya kutengenezea kapasita, kile kidude kidogo kinachotuliza umeme ndani ya mashine. Tantali hutoka kwenye koltani. Bei ikapaa mwishoni mwa mwaka huo, na wachimbaji wakaingia msituni kwa maelfu, wakila nyama ya porini. Katika eneo la juu la hifadhi, sokwe wakubwa aina ya gorila waliohesabiwa zaidi ya 240 mwaka 1996 walikuwa wamebaki karibu nusu yao mwaka 2000, baada ya vita na uwindaji, na tembo karibu wote wakatoweka. Mwaka 2002 kikaanzishwa hapa Lwiro kituo cha kulea sokwe na nyani yatima walionusurika. Leo kina sokwe mtu zaidi ya 100, na asubuhi kelele zao tunazisikia.

Mwaka 2011 mtengenezaji huru wa Italia, Paolo Pedercini wa Molleindustria, aliliweka jambo hili kwenye gemu fupi ya simu, Phone Story. Ina vipande vinne, na cha kwanza ni Kongo: wewe ndiwe unayewaelekeza wenye bunduki kuwafokea watoto wanaochimba koltani. Apple iliiondoa kwenye duka lake mwezi uleule ilipotoka. Ninaiheshimu kwa ujasiri wake. Lakini kila nikiicheza ninaona pengo lilelile: wale watoto hawana majina, hawasemi, na gemu haikumbuki lolote kuhusu yeyote kati yao. Kipande kikiisha, wamekwisha. Nour ana jina. Hata wachimbaji wa Kentucky waliokufa wana njia wanazozitembea. Mtoto wa kwetu alipewa kulia tu.

Kazi ya kumpa jina na sauti haitafanywa na mtu wa mbali. Na haihitaji mtaji mkubwa kama wengi wanavyodhani. Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia kambini Uganda, alianza na laptopu ambayo mama yake aliiwekea akiba miaka mitatu. Gemu yake Salaam inahusu kukimbia vita, na mwaka 2018 aliheshimiwa kwenye tuzo za The Game Awards. Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, alimlilia baba yake kwa kutengeneza Tales of Kenzera: Zau, iliyotoka Aprili 2024, na unaweza kuicheza kwa sauti za Kiswahili. Kwa anayeanza kuna Twine, programu ya bure iliyoanzishwa na Chris Klimas mwaka 2009. Unaandika visanduku vya maneno, unaviunganisha kwa mishale, na kazi yako inatoka kama ukurasa mmoja mwepesi unaofunguka kwenye kivinjari cha simu hata pasipo mtandao. Lile daftari la karani ninalolisema unaliandika mwenyewe kwa mstari mmoja.

Binti wa dada yangu ameanza yake. Mama mmoja anatoka soko la Miti na kapu la maharagwe, mvua inakaribia, na kijana asiyemjua anamwomba amfichie mfuko mdogo mzito mpaka Kavumu. Kuna njia mbili: kuupokea au kukataa. Alinipa simu nijaribu, nikaukataa mfuko, nikaendelea na safari. Visanduku vinane mbele, yule kijana akasimama mlangoni kwangu usiku, ameloa, akaniita mama kwa jina la mwanangu wa kwanza. Jina hilo nilikuwa nimelichagua mwanzoni kabisa na kulisahau.

Nilimuuliza binti kijana yule anataka nini. Akanijibu ngoja sehemu ya pili, kisha akachukua simu yake kwenda kutafuta mahali pa kuchaji.