Sheria ya Sherman

Sheria ya Sherman ni sheria ya Marekani inayokataza ukiritimba na mapatano ya kuzuia biashara kati ya majimbo. Imepewa jina la seneta John Sherman wa Ohio, na ilitiwa saini na rais Benjamin Harrison tarehe 2 Julai 1890. Ingawa ilikusudiwa kuyabana makampuni makubwa, mwanzoni ilitumika pia kuvunja migomo ya wafanyakazi.

Matumizi dhidi ya wafanyakazi

Mwaka 1894 kampuni ya Pullman, iliyotengeneza mabehewa ya reli karibu na Chicago, ilikuwa imepunguza mishahara bila kushusha kodi ya nyumba ilizowapangisha wafanyakazi wake. Wafanyakazi waligoma. Chama cha wafanyakazi wa reli kilichoongozwa na Eugene V. Debs kiliwaunga mkono kwa kukataa kuhudumia treni zenye mabehewa ya Pullman. Mahakama ya shirikisho ilitoa amri ya kuzuia mgomo, na rais Grover Cleveland alituma wanajeshi Chicago. Debs alifungwa miezi sita kwa kukaidi amri hiyo. Mahakama iliyomhukumu ilitegemea Sheria ya Sherman.

Mwaka 1895 Mahakama ya Juu ilithibitisha kifungo chake. Mwaka huohuo ilikataa kuivunja kampuni iliyoshika zaidi ya 90% ya usafishaji wa sukari nchini, kwa hoja kwamba kutengeneza bidhaa si sawa na kufanya biashara.

Mabadiliko

Msimamo wa serikali ulianza kubadilika chini ya rais Theodore Roosevelt. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Pennsylvania walipogoma mwaka 1902, aliwaita viongozi wao na wenye migodi kwa mazungumzo. Mwaka 1904 kampuni ya Northern Securities, iliyounganisha reli kubwa, iliamriwa kuvunjwa. Mwaka 1911 ilifuata Standard Oil, iliyogawanywa kuwa makampuni 34.

Sheria ya Clayton ya mwaka 1914 ilitamka kwamba kazi ya binadamu si bidhaa, lakini mahakama ziliendelea kuzuia migomo. Uwezo huo ulibanwa na Sheria ya Norris-La Guardia ya 1932. Sheria ya Wagner ya 1935 ililinda haki ya wafanyakazi wa sekta binafsi, isipokuwa wa mashambani na wa majumbani, kuunda vyama na kujadiliana na waajiri. Mwaka 1947 Sheria ya Taft-Hartley ilipunguza tena nguvu za vyama, ingawa rais Harry S. Truman aliipinga kwa kura ya turufu.

Sheria ya Sherman yenyewe bado inatumika.