Ajali haina kinga, akisema nani?

Dereva wa lori yuko barabarani. Hajalewa, hasinzii, breki nzima, mwendo halali. Mtoto anachomoka kando ya njia, anagongwa, anakufa. Watu wanamzunguka dereva: pole, ndugu yetu, ajali haina kinga. Hawasemi uongo. Sasa maneno hayohayo yatie kinywani mwa dereva, ayatamke yeye wa kwanza, mtoto bado yuko chini. Mwili unasisimka.

Mfano huu ni wa Bernard Williams, mwanafalsafa Mwingereza aliyefariki mwaka 2003. Aliutoa kwenye insha yake ya mwaka 1976 juu ya bahati na maadili. Tangu niusome haujaniachia, na aliyenishika hasa ni yule mtu wa pili ndani ya lori. Williams anamkumbuka hata mtazamaji aliyeketi humo humo na dereva. Sisi tungemwita utingo. Kioo cha mbele ni kimoja, kishindo wamekisikia wote. Utingo atalia, pengine hatalala. Lakini usukani haukuwa mikononi mwake, na hapo ndipo majuto yao yanapoachana. Williams anakubali kwamba ni vema kumfariji dereva. Ila akifarijika upesi mno, anasema, tunaanza kumtilia shaka. Kosa hana. Tunachokishuku ni moyo wake.

Katika Shame and Necessity, kitabu chake cha mwaka 1993, Williams anawarudia Wagiriki wa kale. Aibu anaihusisha na jicho, kuonwa. Hatia anaihusisha na sikio, sauti ya hukumu ndani ya mtu. Hapo nilikiweka kitabu chini. Mswahili huona haya, akaficha uso. Mkosaji husutwa na nafsi yake, na kusuta ni kwa maneno. Kweli, njaa nayo tunaiona, lakini njaa haimfanyi mtu ainamishe macho.

Dereva wetu basi ana lipi? Nafsi imsute kwa kosa gani? Na kama ni haya, anamwonea nani?

Williams anasema huenda akatafuta namna ya kufidia, hata kwa ishara tu. Kwetu ishara hiyo ina mahali pake: matangani. Aende? Rambirambi yake itamfuta machozi mama wa mtoto, au atakuwa amekuja kujifuta yake? Asipokwenda, ni haya au ni woga?

Mama amekaa mkekani, na mlangoni kuna mwanamume anavua viatu.